Mluzi Niliokatazwa

Mbwa akilowa mvua ananuka vibaya, sitawadanganya. Ni harufu ya manyoya na udongo na kitu kama gunia lililosahaulika nje. Juma lililopita, hapa mjini Wote ninakoishi sasa, mvua ya kwanza ilinikuta barazani pa duka la dawa za mifugo. Mbwa mmoja asiye na mwenyewe akaja kujikinga karibu nami, akajitikisa, akanirushia maji yote sketini. Watu waliokuwa pale waliruka kando wakimlaani. Mimi nilibaki pale pale, nikivuta pumzi kama mtu aliyefunuliwa sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, baada ya kushinda njaa. Nilikuwa Nuu tena, kijijini nilikokulia, miguu mitupu, magoti yana majivu, na Kiseve alikuwa ameketi mbele yangu akingoja nimwambie la kufanya.

Kiseve ni upepo kwa Kikamba. Jina hilo nilimpa mimi, siku ile ile alipoingia kwetu na kuzunguka nyumba mara nyingi mpaka kuku wakapanda juu ya paa. Alikuwa mbwa wa kuchunga kondoo, wa ile asili ya kizungu: mweusi, mwenye ukosi mweupe shingoni na nyayo nyeupe kama amevaa soksi za shule. Afisa wa mifugo aliyekuwa amepanga karibu nasi alimleta kutoka shamba moja kubwa la kondoo, mbali na kwetu, akiwa bado mdogo. Kisha afisa akahamishwa, na huko alikokwenda hakuruhusiwa kufuga mbwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikishinda langoni kwake nikicheza na yule mtoto wa mbwa, basi akaniachia.

"Mwikali," aliniambia akifunga mizigo yake, "huyu asipopewa kazi, atajipa mwenyewe. Na kazi atakayojipa hamtaipenda."

Nilidhani ananitania. Nuu tulijua mbwa ni mbwa: mchana analala kivulini, usiku anabweka, akizeeka anafukuzwa jikoni kwa mwiko. Kiseve hakujua kulala mchana. Macho yake yalikuwa yanatafuta kitu chochote kinachotembea ili akikusanye. Alianza na kuku. Akahamia kwa wanawake waliokuwa wakitoka kisimani na mitungi mgongoni. Aliwazunguka kimya kimya, tumbo likigusa ardhi, mpaka wakajikuta wanatembea wamebanana kama wafungwa. Jumapili moja aliwakusanya watoto wote wa shule ya Jumapili nyuma ya kanisa, akawalalia mbele, na kila aliyetaka kutoka alirudishwa kwa kutazamwa tu. Mwalimu wao naye alikuwa ndani ya duara. Waliokolewa baada ya mahubiri kwisha, na yasemekana hakuna siku ambayo watoto wale walikariri mistari mingi kama ile.

Watu walicheka, lakini kicheko chao hakikudumu.

Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake baba yangu. Baba alikuwa akifanya kazi Mombasa na tulimwona Desemba, kwa hivyo neno la mwisho pale nyumbani lilikuwa la Baba Mkubwa. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, safi, mwenye mbuzi wengi na pikapu moja. Hakuwa mtu mbaya, na naomba mlikumbuke hilo, maana huko mbele mtataka kulisahau.

"Hii mbwa ni wazimu," alimwambia mama yangu. "Mama Mwikali, ifunge."

Mama yangu, ambaye mpaka leo namwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, alikuwa fundi cherehani. Alimfunga Kiseve kwenye nguzo ya ghala. Siku ya kwanza Kiseve alizunguka nguzo ile mpaka akachimba mtaro. Siku ya pili alianza kutafuna mguu wake mwenyewe. Nilimwona, nikakata kamba kwa kisu cha jikoni, nikaenda kumwambia Mwaitu kwamba nimeikata na kwamba akifungwa tena nitaikata tena. Nilitegemea kofi. Mwaitu alinitazama, kisha akatazama uzi uliokuwa umemkatikia mashineni.

"Basi mpe kazi," alisema.

Na mimi nikampa.

Tulikuwa na mbuzi wachache, na chini ya kwetu kulikuwa na mto wa mchanga, ambao karibu mwaka mzima hauna maji juu, ni barabara nyeupe tu inayopinda kati ya migunga. Huko ndiko nilikomfundishia Kiseve kila nilipotoka shule. Nilimfunga kamba ndefu kiunoni mwangu, na mara ya kwanza alipowaona mbuzi alinivuta nikalala kifudifudi, nikala mchanga. Niliinuka. Akanivuta tena. Polepole nikaanza kuona kwamba hakuwa akitaka kuwauma. Alikuwa akitaka kufika upande wao wa pili, awalete kwangu. Nilipomzuia kwa kusimama mbele yake, alilala. Na akilala, nilimwachilia aendelee. Nilijaribu kumpa vipande vya nyama nikagundua havitaki. Zawadi yake ilikuwa kuruhusiwa kurudi kazini. Katika maisha yangu nimekutana na watu wawili au watatu tu wa namna hiyo.

Utunzaji wake ulikuwa kazi nyingine. Jioni nilimtoa kupe masikioni na miiba nyayoni, naye akinyoosha mguu kama bwana mkubwa kwa mshona viatu. Manyoya yake hayakuumbwa kwa jua la Nuu, kwa hivyo nilimkata ya tumboni, na nilitumia makasi ya Mwaitu ya kitambaa. Kelele alizopiga Mwaitu siku hiyo zilisikika sokoni. Maji tulichota mbali kwa punda, hayakuwa ya kuchezea, kwa hivyo nilioga nusu ya kata na nusu ikawa yake. Shuleni waliniambia nanuka mbwa. Niliwaambia ni kweli.

Shida ilikuwa sauti. Kiseve alikimbia mbali, na upepo wa kiangazi ulinipokonya maneno mdomoni kabla hayajamfikia. Nilimwita mpaka sauti ikakauka, nikawa nanong'ona mezani kama mgonjwa. Kisha siku moja nikawasikia wavulana wa ng'ambo wakiwapigia mbuzi wao mluzi. Sauti ile ilivuka mto kama jiwe lililorushwa. Kiseve aliinua masikio.

Sasa lazima mwelewe jambo moja. Kwetu msichana hapigi mluzi. Tuliambiwa anayepiga mluzi anaita nyoka nyumbani. Wengine walisema anaita shetani, wengine kwamba anamwita mwanamume. Hakuna aliyeeleza kwa nini nyoka hawaji wavulana wakipiga. Niliuliza hilo swali darasani nikapewa kazi ya kufagia.

Nilijifunza mluzi mle mtoni, kwa vidole viwili, mate yakinitoka, midomo ikipasuka. Baada ya majuma kadhaa ulitoka, mwembamba kwanza, kisha mkali. Mrefu ulimaanisha lala. Mfupi unaopanda, zunguka kulia. Unaoshuka, zunguka kushoto. Wa kutetemeka, rudi kwangu. Kiseve alijifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi, na siku alipozunguka kundi zima upande wa pili wa mto, akalala kwa mluzi mmoja, akainuka kwa mwingine, akaniletea mbuzi miguuni taratibu, nililia. Sikujua kama mtu anaweza kuongea na kiumbe kingine kwa mbali namna ile na lisipotee hata neno moja.

Jioni ile Mwaitu alikuwa anakanyaga cherehani.

"Nimesikia mtu akipiga mluzi huko mtoni," alisema bila kuinua kichwa.

"Labda ni wachungaji."

"Labda." Akageuza kitambaa. "Huyo mchungaji aangalie midomo yake. Imepasuka." Na akanisukumia kikopo cha mafuta.

Baba Mkubwa naye alisikia. Alishuka mtoni mwenyewe, viatu vyake vyeusi vikizama mchangani, akanikuta vidole viko mdomoni.

"Mwikali! Msichana wa kupiga mluzi ataolewa na nani?"

"Na mtu asiye kiziwi, Baba Mkubwa."

Nilichapwa kwa jibu hilo, na sijalijutia hadi leo. Kesho yake nilirudi mtoni nikapiga mluzi zaidi, nikiwa nimesimama kwa sababu kukaa kulikuwa kunauma.

Halafu ikaja siku mbaya. Nilikuwa nimebakizwa shuleni kwa mitihani. Kiseve alingoja saa yake ya kazi ikapita, akaruka ua, akaenda kujipa kazi kwa Baba Mkubwa. Aliwakusanya mbuzi wake pembeni mwa boma na kuwashikilia pale alasiri nzima. Kitu fulani kikawashtua, wakapandana, na mbuzi jike mmoja mwenye mimba akavunjika mguu. Ilibidi achinjwe.

Hiyo ilikuwa hasara ya kweli, na Baba Mkubwa alikuwa na haki ya kukasirika. Alitoa uamuzi akiwa amesimama mlangoni petu, kofia mkononi. Ama mbwa auawe, ama apelekwe mjini Mwingi kwa rafiki yake mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikokuwa akitafutwa mbwa wa kufungwa mnyororo nyuma ya stoo. Baba alipigiwa simu Mombasa. Akasema tumsikilize kaka yake.

"Atakufa kwenye mnyororo," nilisema. "Atajitafuna."

"Ni mbwa, mwanangu," alisema Baba Mkubwa, na alisema kwa upole. Upole ule uliniumiza kuliko fimbo.

Tulienda Mwingi siku ya soko. Mwaitu alikaa mbele na Baba Mkubwa kwa sababu alitaka kununua nyuzi. Mimi na Kiseve tulikaa nyuma kwenye pikapu. Njia nzima sikulia. Nilikuwa nimeamua kwamba sitamfunga mimi. Mnyororo wakiutaka wataufunga wao, mbele ya macho yangu, na mimi nitawatazama wanavyoufunga.

Duka lilikuwa kando ya barabara ya Garissa. Ng'ambo kulikuwa na mkutano wa injili, vipaza sauti vimefunguliwa hadi mwisho, na wazee kadhaa wa kanisa letu walikuwa wamekuja kuusikiliza. Mwenye duka alitoka akiwa na mnyororo mkononi, mpya, unang'aa. Hata hajausogeza karibu, nyuma yetu kukasikika kishindo.

Lori la mbuzi lilikuwa limesimama pale, limetoka upande wa Garissa, na mlango wake wa nyuma ulikuwa umefunguka. Mbuzi walimwagika kama maharagwe kutoka gunia lililopasuka. Wengine walikimbilia sokoni, wengine kwenye kituo cha mafuta, na wengi walikwenda moja kwa moja kwenye lami, ambako malori makubwa yalikuwa yakija bila kupunguza mwendo. Mwenye mbuzi, mzee mmoja Mwislamu mwenye ndevu nyekundu za hina aliyeitwa Abdi, aliruka kutoka mbele akipiga kelele. Vijana wa bodaboda wakaanza kuwafukuza wakipunga mikono, jambo ambalo ni kama kupuliza moto ukitaka uzimike.

Kiseve alikuwa anatetemeka mwili mzima. Kamba ilikuwa mkononi mwangu.

Nikamtazama Baba Mkubwa. Alikwisha kuelewa.

"Usithubutu," alisema. "Si hapa. Mbele ya watu wa Mungu!"

Sitawaambia nilikuwa jasiri. Mdomo ulikuwa umekauka, na nilijua kabisa nani alikuwa amesimama ng'ambo ile. Ndipo nikasikia sauti ya Mwaitu nyuma ya bega langu, sauti ile ile ya kuniambia nikoroge uji.

"Piga, Mwikali."

Nikaachia kamba.

Aliondoka chini chini, akapita mbali, nje ya mbuzi wote, kama tulivyofanya mtoni. Nilitia vidole mdomoni nikapiga mluzi unaopanda. Akapinda kulia, akapita nyuma ya kituo cha mafuta, akatokea na kundi lililokuwa limejificha huko. Nikapiga unaoshuka. Akavuka kwenda kwa wale wa kwenye lami. Wakati huo lori moja lilikuwa linateremka likipiga honi, na mbele yake mbuzi walikuwa wamegawanyika hawajui waende wapi, na Kiseve katikati yao. Akikimbia tu, wangetawanyika chini ya magurudumu. Nilipiga ule mrefu. Nilipiga mpaka nikaona nyota.

Kiseve alilala juu ya lami, kidevu chini, macho kwa mbuzi. Hakugeuka kulitazama lori. Mbuzi nao wakasimama, wakageuka, wakaanza kutembea kuelekea upande wangu. Breki zililia. Lori lilisimama karibu naye kiasi kwamba moshi wake ulimfunika, na moshi ulipotawanyika nilimwona bado amelala pale pale, akingoja neno langu linalofuata.

Vipaza sauti vilikuwa vimenyamaza. Katika kimya kile mluzi wangu ulisikika peke yake Mwingi nzima, na nitawaambia ukweli, niliupiga zaidi ya ulivyohitajika.

Mbuzi walipoingia kwenye ua uliokuwa jirani na lango likafungwa, Mzee Abdi alikuja mpaka karibu nasi akasimama.

"Mimi siwezi kugusa umbwa," alisema. "Lakini kumpa maji kuna thawabu." Akaenda kwenye lori, akaleta mtungi, akamimina maji kwenye kopo la zamani, akaliweka kivulini. Akasimama pale kumkinga Kiseve na watoto waliokuwa wamejaa na simu za kupiga picha, mpaka alipomaliza kunywa.

Mwenye duka alikuwa bado na mnyororo. Sasa uso ulikuwa umejaa tabasamu. "Kumbe ni mbwa kweli! Lete, lete nimfunge asipotee."

"Hapana," nilisema. "Huyu ana kazi."

"Mwikali," Baba Mkubwa aliita. Uso wake ulikuwa na aibu na hasira, na nadhani na kitu kingine ambacho hakutaka kionekane. "Nilishatoa neno langu kwa huyu bwana."

Mwaitu ndiye aliyejibu, na sikuwa nimewahi kumsikia, kabla ya hapo, akimjibu shemeji yake mbele ya watu. "Baba Mutua, nakuheshimu. Lakini mimi ninarudi Nuu na mtoto wangu na mbwa wetu. Kama pikapu haina nafasi, tuna miguu."

Tukaanza kutembea. Mnaojua umbali wa kutoka Mwingi hadi Nuu mtacheka. Tulikwenda na pakiti ya nyuzi, chupa ya maji, na mbwa aliyekuwa akijaribu kutukusanya sote wawili tutembee karibu karibu. Mji ulikuwa umebaki nyuma kabisa pikapu ilipotupita kwa vumbi, ikasimama mbele. Baba Mkubwa alishuka, akafungua sehemu ya nyuma, akarudi kwenye usukani. Tukapanda.

Baada ya hapo maisha yaliendelea namna yake. Kila siku ya shule, kabla ya kwenda darasani, nilimchungisha Kiseve asubuhi, na Mwaitu alipata utaratibu wa kumtembeza mchana ili asiruke ua tena. Mbuzi wa Baba Mkubwa walipopotea milimani, alituma mtu kuuliza "kama ile mbwa iko," hakuwahi kutaja jina lake wala langu. Tulikwenda, tukawaleta. Kuhusu mluzi hakubadilika. Alitikisa kichwa kila aliposikia mpaka alipozeeka na kupungukiwa na usikivu. Kiseve naye alizeeka, akawa anachunga akiwa ameketi, kwa macho tu, na alikufa msimu wa mvua za Novemba chini ya cherehani ya Mwaitu. Tulimzika ukingoni mwa mto.

Kwa miaka mingi nimeisimulia habari hii kama habari ya ushujaa wangu. Msichana mmoja, mbwa mmoja, kijiji kizima. Niliipenda hivyo.

Mwaka huu nilikuwa nyumbani Nuu, na binamu yangu Mutua, mtoto wa Baba Mkubwa, akataja jambo kana kwamba kila mtu alilijua. Jumapili iliyofuata ile siku ya Mwingi, Mwaitu aliitwa na wazee wa kanisa. Aliambiwa anilete mbele, niombe msamaha mbele ya waumini kwa kupiga mluzi juu ya neno la Mungu. Akakataa. Akaambiwa basi hawezi kuendelea kuongoza kwaya ya wanawake, ambayo alikuwa ameiongoza tangu kabla sijazaliwa. Akasema sawa, akachukua kitabu chake cha nyimbo, akahamia benchi la nyuma.

Mimi nilikuwa nimeambiwa koo lake limechoka. Na niliamini, ingawa kila jioni nilimsikia akiimba jikoni kwa sauti iliyotikisa sufuria. Mtoto husikia anachokitaka. Nilikuwa nimesimama kifua mbele nikiupinga ulimwengu, na sikuwahi kugeuka kuona ulimwengu ulikuwa ukimpiga nani.

Nilimkuta ameketi nje ya nyumba, anachambua pojo kwenye ungo. Miwani imemshuka puani.

"Mwaitu, kwa nini hukuniambia habari ya kwaya?"

Hakuuliza nani amenieleza. "Ungeomba msamaha," alisema. "Wewe nakujua. Ungeniona nimekaa nyuma, ungeenda mbele ukaomba, kwa ajili yangu. Na hukuwa na kosa."

"Hujuti?"

Alitupa jiwe dogo kutoka kwenye ungo.

"Najuta kwamba sikukuomba unifundishe."

Nilimwonyesha vidole viwekwe vipi, ulimi ukunjwe wapi. Mwaitu alitia vidole mdomoni, akapuliza, ikatoka pumzi tupu na mate. Tulicheka mpaka pojo zikamwagika. Mke wa jirani aliyekuwa anapita njiani, mmoja wa wanakwaya wa zamani, alisimama kutuangalia, mkono kiunoni.

Mwaitu alimtazama usoni, akavuta pumzi, akajaribu tena.